Kuvuja na Kutoboka

Mwanangu Somoe,

Barua zetu huanza kwa kusema mwandishi ni mzima, na hofu ni juu ya msomaji aliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko kwa shangazi zako unaaga, kicheko chako nakisikia kikivuka ua, na basi la Mtwara ni kesho alfajiri. Lakini hofu juu yako ninayo kweli, na mzima mimi sijioni. Kwa hiyo nimekaa barazani baada ya sala ya alasiri, niandike jambo ambalo mdomo wangu umelishindwa kwa miaka kumi na mitatu. Na mdomo wangu, kama ujuavyo, haushindwi na mambo mengi.

Habari za chandarua, za kufunga fedha kwenye upindo wa kanga, za walimu wa chuo na wanaume wa mjini, umeshaambiwa na kila mwenye pumzi hapa Kiranjeranje. Mimi sina la kuongeza. Nataka kukueleza mama yako alivyokufa.

Utasema unajua. Unajua nilivyokusimulia mimi. Mama aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, wakampasua, akafa. Ulikuwa na miaka sita, ukaishika hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyoshika Alhamdu. Mwezi uliopita, yule tabibu kijana wa zahanati alipokubonyeza chini ya kifua ukaruka kwa maumivu, akakuuliza kama umewahi kupata choo cheusi, ukanyamaza. Akasema ukifika Mtwara uende hospitali kubwa ukapimwe, pengine ni vidonda vya tumbo, pengine ni kingine, yeye hawezi kujua kwa kubonyeza. Ukamjibu mbele yangu, "Kwetu sisi hatupasuliwi, dokta. Mama alikufa kwa kisu." Maskini kijana wa watu hata kisu hakukitaja. Akanitazama mimi, mzazi, akingoja niseme neno. Nikatazama viatu vyangu.

Na jana nilipokuwa nafunga sanduku lako kwa kamba, kwa kuwa kitasa chake kimekufa, nikaona kopo la unga wa kijani limefichwa chini ya sare zako. Jina lake limebadilika na picha ni nyingine, lakini unga ni uleule. Nilikaa chini kwenye sakafu, Somoe. Mimi nilikuwa wakala wa unga huo.

Hilo hulijui, maana nililizika pamoja na mengine. Unanijua mkulima wa korosho anayebishana na redio. Kabla yake nilikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika. Nilipima korosho, nikakagua magunia, na kwa kuwa nilikuwa na mdomo, wakulima walinipenda hata nilipowakata uzito wa unyevu. Kisha mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, chama kikalegea, mizani ikafungiwa stoo, na mimi nikarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio za kaseti, sabuni zenye harufu ya maua tusiyoyajua, na dawa. Dawa za kila namna, hazikupitia kwa daktari yeyote, zilipitia mikononi mwa watu kama mimi.

Nilialikwa semina Lindi mjini, katika ukumbi wa nyumba ya wageni. Mwalimu alitoka Dar es Salaam, amevaa tai, amebeba picha kubwa ya matumbo ya binadamu iliyopakwa rangi nyekundu na buluu. Alieleza kwamba ukuta wa utumbo wa mtu ni mwembamba mno na una vijinafasi vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa vyakula vibaya, pombe na mawazo, vijinafasi vile hupanuka, na uchafu hupenya ukaingia kwenye damu. Ndiyo maana mtu anachoka, anajaa gesi, anawashwa ngozi, anaumwa viungo. Unga ule, alisema, unaziba. Akaandika ubaoni jina la ugonjwa kwa Kiingereza, akatuambia Kiswahili chake tukitafute wenyewe, kwa kuwa sisi ndio tunaowajua watu wetu.

Mama mmoja wa Nachingwea aliyekaa mbele yangu akasema, "Utumbo unaovuja." Lilikuwa neno sahihi, mwalimu mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Lakini mimi nilikaa nalo njiani kote kurudi, juu ya magunia ya chumvi, nikaliona halina nguvu. Kuvuja kwetu ni habari ya paa. Paa likivuja unatega ndoo, unaendelea kulala. Hakuna mtu wa Njinjo atakayetoa fedha yake kwa sababu ya kitu kinachovuja. Nikatafuta neno lenye meno. Kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nalo: utumbo uliotoboka.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nataka ulitazame vizuri kwa sababu halionekani kama kosa. Sikutunga ugonjwa. Nilichagua neno tu, na nililichagua kwa sababu linauza.

Nilikwenda na baiskeli hadi Njinjo, hadi Likawage kule ndani, na kila kijiji nilibeba gunia kuukuu la chama lenye matundu. Nalijaza korosho, nalinyanyua mbele ya watu, korosho zinadondoka moja moja. Nasema, "Utumbo wako ndio huu. Umetoboka. Chakula unakula, mwilini hakifiki." Watu wanashika matumbo yao. Halafu naongeza maneno yaliyokuwa yangu mwenyewe, mwalimu wa tai hakuyasema: "Na wala hauhitaji kisu. Kisu kitaongeza tundu juu ya tundu. Huu unazibwa kwa unga."

Sitaki kukudanganya kwa upande wa pili pia, kwamba yote yalikuwa upuuzi. Wapo waliopona. Mzee mmoja wa Njinjo alikuwa amejaa tumbo miaka mingi, akawa mtu mpya akinisifu misikitini. Lakini mimi nilikuwa nampa kila mtu masharti pamoja na unga: chemsha maji ya kunywa, tafuna polepole, acha viporo vilivyolala, acha uraka. Mzee yule aliacha uraka kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Kilichomponya ni unga au ni kuacha pombe ya mabibo? Sikuuliza. Muuzaji hana haraka ya kuuliza swali kama hilo.

Hapo nyumbani tulikuwa na dawa ya pili. Bibi yako, mama wa mama yako, alikuwa mtu wa mizizi. Kwake kila maumivu ya tumbo yalikuwa chango, na chango alilijua kwa majina yake yote, la wanawake, la watoto, la kupanda juu na la kushuka kiunoni. Alichimba mwenyewe, akachemsha mwenyewe, na hakumtoza mtu. Mimi nilimcheka. Nilimcheka kwa siri kwa sababu alikuwa mkwe wangu, na unajua desturi yetu ilivyokuwa. Hatukutazamana usoni, hatukukaa baraza moja, na akiwa na la kuniambia alilisema kwa mama yako kwa sauti nami nikalisikia ukutani. Lakini nilimwona mshamba. Yeye hakuwa na picha ya rangi.

Mama yako aliishi katikati yetu. Asubuhi anakunywa unga wangu, jioni anakunywa mizizi ya mama yake, hakuna aliyekasirika. Nikimuuliza kipi kinamsaidia, anacheka, "Vyote, Baba Somoe. Mkigombana ndipo tumbo litaniuma." Alikuwa na kicheko hicho unachokicheka wewe sasa hivi huko kwa shangazi zako. Naandika huku nakisikia.

Ilikuwa msimu wa korosho. Alianza na homa isiyopanda wala kushuka, kichwa, mwili kulegea. Ikawa wiki, ikawa ya pili. Nikamwongezea unga. Bibi akamwongezea mizizi. Zahanati hatukwenda kwa sababu nyumbani mwetu tulikuwa na waganga wawili, tutakwenda kutafuta nini? Kisha asubuhi moja, akiwa anamenya muhogo, alipiga ukelele mmoja tu, akalala pale pale kwenye maganda.

Bibi yako alifika kabla yangu. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mwanawe, akakiondoa kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. Alitoka nje, akaja hadi nilipokuwa nafunga makopo kwenye baiskeli, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni.

"Mkwe," alisema, "hili si chango. Tumbo limekuwa ubao. Dawa yangu haifiki huku, na yako haifiki. Mpeleke."

Mimi nilitazama chini kwa haya, na haya ile ikanisaidia nisimsikilize vizuri. Baadaye nimelifikiria sana tendo lile. Mama yule asiyejua kusoma aliujua mpaka wa dawa yake, akafika mpakani akasimama. Unga wangu mimi, sikuambiwa kule semina kama una mpaka.

Tulimpeleka zahanati kwa kitanda, majirani wanne. Tabibu siku hizo alikuwa Mama Tekla, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa hanipendi. Alishasema hadharani kwamba unga wangu ni majani yaliyosagwa, nami nikasema hadharani kwamba yeye anaona wivu. Alimpima mama yako kwa muda mfupi. Alimuuliza siku za homa, akagonga tumbo kwa vidole, akaacha. Akatoka akaja barazani nilipokuwa nimekaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine.

"Baba Somoe," alisema, "hii ilikuwa homa ya matumbo, imeachwa muda mrefu. Sasa utumbo umetoboka. Lazima apasuliwe leo."

Mwanangu, nilitabasamu.

Nisamehe, lakini nimeahidi kuandika yote. Nilitabasamu kwa sababu mwanamke yule, mwenye cheti cha serikali, alikuwa ametamka neno langu. Utumbo umetoboka. Miaka miwili nimelibeba kwenye baiskeli, ananikejeli, na leo analisema mwenyewe mbele ya benchi zima. Nikageukia watu nikasema, "Si mmesikia? Si ndilo ninalowaambia?" Na kweli wakaitikia kwa vichwa. Wengi wao walikuwa na makopo yangu nyumbani.

Nikamwambia Mama Tekla, "Basi tunakubaliana, dokta. Huo ndio ugonjwa ninaoutibu. Nitamzidishia."

Alinitazama kana kwamba nimesema lugha nyingine, na kwa kweli tulikuwa tunasema lugha mbili. "Unalotibu wewe silijui," alisema. "Mimi nasema tundu. Tundu la kupitisha kidole. Kinyesi kinamwagika ndani ya tumbo la mkeo sasa hivi tunavyoongea. Kuna lori la korosho linakwenda Lindi, nimemwomba dereva, amekubali kumlaza juu ya magunia. Linaondoka. Niandike rufaa au nisiandike?"

Watu hapa wamenihurumia miaka mingi, na nikifa watasema alikuwa mtu asiyejua. Wewe nataka ujue kilichokuwa ndani yangu pale kwenye benchi. Aliposema kinyesi, nilielewa. Nilielewa kabisa, kama ninavyoielewa baiskeli yangu. Niliona kwamba neno ni moja na mambo ni mawili, na kwamba la kwake ni la kifo. Lakini watu walikuwa wananitazama. Nilishawaambia kwa mdomo huu huu kwamba utumbo uliotoboka hauhitaji kisu. Ningempakia mke wangu kwenye lori kwenda kupasuliwa, jioni ile ile habari ingefika Njinjo, na keshokutwa Likawage. Nilifikiri: ngoja nione hadi jioni. Nilijiambia ni busara. Ilikuwa aibu tu.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama yako alikuwa amelala ubavu, amekunja magoti, amesikia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza kama chumvi imetosha, "Baba Somoe, niende?"

Nikamwambia, "Subiri."

Dereva alipiga honi mara mbili. Halafu lori likaondoka, nikaliona likipita kwenye kona ya mnazi uliopigwa radi, magunia juu na nafasi iliyoachwa katikati ya magunia. Mama Tekla aliingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia akimwekea maji ya mshipani na kumwambia pole, pole, Mwanahawa.

Jioni haikuleta kitu. Tumbo lilivimba. Kesho yake alianza kuongea na watu wasiokuwepo, ndipo nikakimbia barabarani kama kichaa kusimamisha gari lolote, na gari lolote halikupita hadi siku ya tatu asubuhi. Tulifika hospitali ya mjini saa saba mchana. Walimpasua saa ile ile, hawakutuchelewesha hata kidogo. Daktari alitoka baadaye, kijana, mikono yake bado ina unga mweupe wa glavu. Aliniuliza kwa upole, "Mzee, mlikuwa wapi?" Sikuwa mzee. Nilikuwa na miaka thelathini na sita.

Mama yako alikaa siku mbili, akafa alfajiri. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa kuuliza nani anakulaza wewe usingizi.

Nilirudi na maiti. Watu walipokuja kunishika mkono wa pole waliuliza, imekuwaje? Nikajibu, "Walimpasua." Basi. Hata neno moja la uongo sikusema, Somoe. Walimpasua, akafa. Watu wakalijaza wenyewe lililobaki. Wakasema si alishatuambia, kisu ni kuongeza tundu juu ya tundu. Wakaanza kuikwepa zahanati. Mama Tekla alitazamwa vibaya hadi akaomba uhamisho. Sijui wangapi walikaa nyumbani na maumivu yao kwa ajili ya neno langu lile moja, na siku hizi usingizi ukinipita huwa najaribu kukumbuka nyuso zilizokuwa kwenye benchi.

Na mimi niliendelea kuuza. Hilo ndilo ninaloona aibu zaidi kukuandikia, kuliko hata tabasamu. Niliuza makopo yaliyobaki mpaka yakaisha, nikiwa mgane, na huruma ya watu ikafanya yaishe haraka.

Bibi yako alijua yote. Alikuwa amesimama nje ya dirisha la zahanati siku ile. Nilingoja aseme mazishini, hakusema. Arubaini ikapita, hakusema. Siku moja nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini ananihifadhi. Alikuwa anakusuka nywele, nawe umelala mapajani mwake. Hakunitazama. Alisema, "Mtoto asikose wote wawili." Alikulea katika hadithi yangu kwa miaka kumi hadi akaenda kaburini nayo, na kila uliposema mama aliuawa na kisu, niliona mdomo wake ukibana.

Mama Tekla nilikutana naye tena Nangurukuru, miaka mitatu iliyopita, tunangoja magari yanayokwenda pande tofauti. Nywele zimekuwa nyeupe. Nilimpa shikamoo ingawa si mkubwa sana kwangu, akaitika, akanikumbuka. Tulikaa kwenye benchi la mama muuza chai karibu saa nzima. Nilitegemea anitukane. Badala yake aliniuliza kama bado nauza, nikasema hapana, akaanza kunieleza, taratibu, kama mwalimu na mwanafunzi aliyekuja shule amechelewa.

Alisema ule ukuta mwembamba ni kweli upo, na ni kweli hupitisha vitu, ndiyo kazi yake. Usipopitisha chochote utakufa kwa njaa umeshiba. Alisema katika baadhi ya maradhi hulegea ukapitisha kisichotakiwa, na kwamba wakubwa wenye maabara zao bado wanabishana: kuna wanaoona kulegea huko ndiko kunakoleta magonjwa, na kuna wanaosema ni magonjwa yanayoleta kulegea. "Mimi sina cha kupinga hapo," alisema. "Hata watu wa mitishamba wana mambo wanayoyaona tusiyoyaona sisi. Mtu akiwa na gesi na uchovu, amekwenda kwao wakamwambia ale vizuri apumzike, Mungu awabariki. Lakini kupona kwa kopo, hilo bado sijaonyeshwa. Na lile la kwenu halikuwa kulegea. Lile la Mwanahawa ningelijua hata gizani."

Nikamwambia, "Mama Tekla, nilielewa siku ile. Ulipotaja kinyesi nilielewa." Sikuwahi kumwambia mtu.

Aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Na mimi nina langu. Mgonjwa alikuwa na akili zake timamu, mlango uko wazi, ananisikia. Nami nikatoka nje kukuuliza wewe. Sikurudi ndani nikamuuliza yeye. Ndivyo tulivyozoea, mume aseme. Angesema ndiyo, ningembeba mgongoni hadi kwenye lori, na wewe ungebaki na benchi lako."

Gari lake likaja. Tuliagana bila kushikana mikono.

Sasa nimefika kwako, na jua nalo linakaribia kuzama, utarudi muda si mrefu.

Sijui una nini tumboni. Nilikuwa mtu anayejua kilicho ndani ya matumbo ya watu wote kutoka hapa hadi Likawage, na sitakuwa mtu huyo tena hata kwa mtoto wangu. Pengine ni vidonda, na nasikia siku hizi vingi vinatibiwa kwa vidonge, hakuna hata anayekuonyesha wembe. Pengine ni gesi na woga wa safari. Kopo lako sijalitoa sandukuni. Unga wenyewe huenda usikudhuru. Zitakazokudhuru ni siku utakazokaa ukiungoja ufanye kazi, huku choo ni cheusi na unanyamaza. Usininyamazie mimi kwa heshima, na usimnyamazie daktari kwa ajili ya hadithi niliyoitunga nikiogopa watu wa kwenye benchi.

Mama yako hakuuawa na kisu. Kisu kilichelewa, na aliyekichelewesha ni mimi. Ile "kwetu sisi hatupasuliwi" uliyomwambia kijana wa watu, haipo. Hakuna ukoo wenye mwiko huo, si kwa upande wangu si kwa upande wa mama yako. Mwiko huo una umri wa miaka kumi na mitatu na aliyeuweka ndiye anayekuandikia.

Ukifika, nenda. Usipange hadi likizo. Ukiambiwa neno usilolielewa, mwambie aliyesema alieleze hadi ulione, hata akikunja uso. Na ikitokea siku moja, Mwenyezi Mungu apishe mbali, wakakuletea karatasi wakikuambia lazima wapasue, watakuuliza mzazi yuko wapi, ama mume anasemaje. Una miaka kumi na tisa, unajua kuandika jina lako. Andika. Usinitafute kwenye simu ya duka la Shomari, usimwulize mtu yeyote niende au nisiende.

Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, na nitakuomba usiifungue hadi basi livuke mto Mbwemkuru, kwa sababu sina ujasiri wa kukutazama ukiisoma. Ukishaisoma yawezekana usinipigie. Yawezekana likizo ukaenda kwa shangazi zako ukapita mlango wangu bila kuingia. Sitakulaumu na sitatuma mtu wa kutusuluhisha. Hilo nitaliishi. Nilishazika mmoja kwa mdomo wangu, wa pili siwezi.

Nichukie, mwanangu, lakini nichukie ukiwa mzima.

Ni mimi baba yako.